Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: akina baba hawafiki uzeeni

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi ujenzi, amefariki mwaka jana akiwa na miaka 57. Alianguka saiti asubuhi tukamkimbiza hospitali, nesi akamfunga kile kitambaa cha presha akapima, akahamia mkono wa pili akapima tena, halafu akatuuliza huyu anatumia dawa gani. Tukabaki tunaangaliana. Mtu ana wajukuu na ile ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kupimwa presha. Siku ya tatu akaondoka.

Najua nchi imetoka mbali. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walionekana Kagera 1983, miaka ya tisini tukazika vijana mpaka umri wa kuishi ukarudi nyuma, kisha 2004 ARV zikaanza kutolewa bure na watu wakarudi kuishi. Mwanaume wa leo ana nafasi kubwa ya kufika 65 kuliko wa wakati ule, na hilo napongeza kwa moyo wote. Ila wanawake wametuacha. Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130, wakati watoto wa kiume ndo huzaliwa wengi kidogo. Pita mtaa wowote hesabu wajane, halafu hesabu wagane.

Ajali za bodaboda, pombe, sigara, TB, sukari, tezi dume, yote haya wizara inayajua. Mi naona kuna jambo limelala chini ya yote. Mwanamke akibeba mimba anaenda kliniki, anapimwa presha, damu, VVU, anapewa kadi na tarehe ya kurudi. Mwanaume akishamaliza chanjo za utoto hakuna anayemwita tena mpaka siku anabebwa. Mnasema wanaume wabishi, sawa, tupo wabishi, lakini kibarua wa kulipwa kwa siku akikaa foleni mpaka saa nane mchana watoto wanalala njaa, sasa huyo aje lini?

Na matibabu bure ya wazee yanaanza miaka 60. Baba mdogo alibakiza mitatu.

Naomba wapimaji watufuate saiti, vijiwe vya bodaboda, machimboni, mashine ya presha si inaingia kwenye begi? Zahanati zifunguliwe jioni hata siku mbili kwa wiki. Na baba akimsindikiza mkewe kliniki, kama VVU mnampima palepale basi na presha mpimeni, ni dakika chache tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023, kupima afya kwa mtu ambaye bado hajaumwa nako kuwemo humo.

Wadogo zangu wawili wako saiti ileile sasa hivi, wote wamepita arobaini na hakuna aliyewahi kupimwa. Nasubiri majibu yako Mheshimiwa.

Mwananchi, Dar es Salaam