Sahibu, usimjibu mnunuzi kwanza

Ndugu yangu Baba Salma,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima, joto tu ndilo linaninyanyasa. Najua simu zako zimelia hapa bila kupokewa, na najua maneno utakayonipa tukionana, kwa hiyo yaweke akiba. Leo naandika kwa sababu Mwenye Kofia kanitumia ujumbe kwamba yule mnunuzi wa yadi yetu ya mashua ya kule ziwani amerudi, safari hii kaja na wakili, na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Akija kwako mpe kiti, msikilize mpaka amalize, lakini usimwambie ndiyo wala hapana. Ngoja kwanza nikueleze ninachokiona huku baharini, kisha unipe akili yako, maana yangu imeshachemka.

Kazi ipo. Ule wasiwasi wetu kwamba tutahama halafu tukae tunapiga miayo uondoe kabisa. Mji unakua kila kukicha, na kila anayenunua nyumba inayotazama maji anataka na mashua ya kuegesha chini yake. Halafu mashua za huku zinaharibika, sahibu! Kule kwetu mashua inakaa majini miezi michache, inapandishwa juu, inalala. Huku hazilali. Jua linazichoma mwaka mzima mpaka jelikoti, lile ganda la nje la faiba, inapauka. Ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe. Maji ya vuguvugu nayo yanapenya kwenye faiba haraka kuliko ya baridi. Juzi tumenyanyua moja ambayo kwa juu ukiitazama ni bibi harusi, chini tumbo lote malengelenge. Nikatoboa moja kwa ncha ya bisibisi, maji yaliyokuwa ndani yakaruka mpaka kwenye miwani, harufu ya siki tupu. Mwenyewe amesimama pembeni ananiuliza kama ni kitu cha kupaka rangi tu. Nikamwambia hapana, mzee, hii inamenywa ngozi, inaachwa ikauke wiki kadhaa, ndipo tuzungumze habari ya rangi. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeyaweka.

Kwa hiyo usije ukadhani nalia njaa. Ninachokuuliza ni kingine, na nitafika.

Nusu ya vitu nilivyofungasha kule kwa jasho havina kazi huku. Unayakumbuka yale maboksi ya magnesi, vile vipande tunavyofunga karibu na propela viliwe vyenyewe ili propela isalimike? Kwenye maji ya ziwa yasiyo na chumvi ni dawa. Ukivitia kwenye maji chumvi vinaliwa mbiombio, mteja anarudi kabla hujasahau sura yake. Huku ni zinki, au aluminiamu kwa wale wanaoingia na kutoka mtoni. Nyaya vilevile: shaba tupu inageuka kijani na kukatika ndani kwa ndani, lazima utumie zile zilizopakwa bati. Hata skrubu. Zile za chuma kisichoshika kutu za daraja la 304 tulizokuwa tunajivunia, huku zinatoa machozi ya kutu, wanataka 316. Injini zinazopoozwa kwa maji ya bahari, mwenyewe asipozisafisha kwa maji yasiyo na chumvi kila akitoka, chumvi inaziba njia na injini inapata homa. Hapo mimi sina kesi, ndiyo kazi yenyewe.

Lakini kisa cha ndoo lazima nikupe. Kijana niliyempata hapa ni mwepesi, mchangamfu, mkono wake haukai bure. Mchana, jua la utosi, kachanganya rezini, ile gundi ya faiba, ndoo nzima na kutia hadna, dawa ya kuigandisha, asilimia 2, kama alivyofundishwa mahali fulani penye kipupwe. Mimi niko chini ya mashua nasikia tu, “Bosi, mbona ndoo ina moto?” Kutoka, plastiki inajikunja, moshi unapanda. Tukaisukuma nje kwa mwiko wa ubao mpaka mchangani. Ilipopoa tukabaki na jiwe la rangi ya asali lenye nyufa, na brashi yangu nzuri imesimama katikati. Kumweleza ilinibidi nichore chini: rezini inajitengenezea joto lake yenyewe, na ukiirundika pamoja joto halina pa kutokea. Kule kwetu tulikuwa tunaiwashia taa ili ishike. Huku unaibembeleza isikimbie. Na huwezi kupunguza hadna upendavyo, kwa sababu ukishuka chini ya asilimia 1 haitakomaa hata ukiiombea dua. Dawa ni kuchanganya kidogo kidogo, kumwaga kwenye sinia pana, na kufanya kazi mapema.

Mapema nako kuna balaa lake. Alfajiri mashua imelowa umande chepechepe. Rangi na jelikoti hazitaki unyevu: ngozi ya mashua iwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya lile ambalo umande unaanza kutunga, vinginevyo unapaka juu ya maji. Basi unasubiri ikauke, ikikauka jua limepanda. Tumebaki na kidirisha cha kama saa mbili na nusu mpaka saa nne asubuhi, na kingine jioni. Katikati tunapiga msasa, tunafungua injini, tunagombana.

Sasa nafika.

Baba Salma, wewe ulikuwa unashika vitabu vya ile yadi wakati mimi nashika grainda. Niambie kweli: ni nini hasa kilikuwa kinatulisha? Mimi miaka yote nilidhani ni faiba na injini. Huku, nikikaa usiku napiga hesabu, naona kwamba kilichokuwa kinatulisha ni baridi. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na injini yenye maji ndani inapasuka tu, haina ujanja. Kwa hiyo kila vuli, baridi ikikaribia, watu walikuja wenyewe, bila tangazo, bila kubembelezwa. Tunatoa maji, tunasukuma ile dawa ya pinki isiyoganda, tunafunika, tunalaza. Na walilipa kabla theluji haijadondoka! Halafu mashua ikishakuwa kwetu miezi yote hiyo, tunaikagua, tunampigia mwenyewe tunamwambia usukani umelegea, naye yuko mbali kakaa na moto wake anajibu fanya. Nusu ya kazi za matengenezo zilizaliwa hivyo.

Huku hakuna kinachomlazimisha mtu kuja mpaka iwe imeshaharibika. Na aliyeharibikiwa anataka kazi leo, kulipa anataka kesho. Fedha inaingia, siyo kwamba haiingii, lakini inadondoka matone. Hakuna lile fungu la vuli la kununulia vifaa vya mwaka mzima. Ndiyo maana nikisikia habari ya kuuza yadi roho inasita. Fundi, yule mzee wetu wa mbao, aliniambia siku ya kuaga, “Usiuze ardhi kununua kazi,” nikamwona mzee anaongea tu kwa kuwa hataki kuhama. Sasa yanazunguka kichwani.

Jambo la pili linalonitia hofu ni ardhi ya huku. Mwenye eneo nililopanga ananipa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na ndani yake kuna kifungu kwamba akitaka eneo lake ananipa taarifa fupi nami nafunga virago. Simlaumu. Kushoto kwangu linapanda ghorofa, kulia wameshapima. Huu mji ndio unaoleta mashua, na ndio utakaotusukuma kutoka majini, kwa sababu hakuna yadi ya kuchana faiba inayoweza kushindana kodi na vyumba vya kulala vyenye baraza. Na waliokwisha kuhamia wameanza. Yuko bwana mmoja wa ghorofa ya tatu, amelalamika harufu ya rezini na kelele za grainda, barua mbili kali. Unajua huyo bwana ana nini? Ana mashua kwenye foleni yangu, na analalamika pia kwamba nachelewa.

Mkaguzi naye alifika kabla sijafungua hata maboksi. Mtu wa haki lakini. Kasema ile rangi ya tumbo la mashua tunayokwangua ina shaba, vumbi lake lisiende baharini wala kwenye mfereji, kwa hiyo tunatandika maturubai na kukusanya kila kitu. Hilo limenikumbusha: kule stoo, nyuma ya jenereta bovu, kuna makopo ya kale yaliyoachwa na mwenye yadi kabla yetu, ile rangi yenye bati iliyokuwa inaua kila kiumbe. Imepigwa marufuku duniani kwa mkataba wa 2001 ulioanza kutumika 2008. Yasiguswe wala yasiuzwe pamoja na yadi kimyakimya, na Kibwana asije akayapakia kwenye trela kwa kudhani ananisaidia. Yapelekwe kwa wanaopokea taka za sumu. Nimesema hapa nisije nikasahau.

Nirudi. Ninavyofikiri, na unikosoe: tusing’ang’anie ukingo wa maji. Tuchukue eneo ndani kidogo, karibu na barabara kuu, ambako hakuna mtu wa kunusa rezini, na tuchukue mashua zinazokuja kwa trela. Kazi za injini na umeme tuzifuate gatini kwa gari lenye vifaa. Mashua kubwa zinazohitaji kreni tuwaachie wenye kreni. Hela yao ni kubwa lakini moja ikikwama inakula nafasi ya kumi. Wewe ulikuwa unalisema hili hata kule, mimi nikikubishia kwa sababu ya kuona raha kusimama chini ya kitu kikubwa.

Ila Fundi hilo litamuuma. Moyo wake uko kwenye mbao, na mashua za mbao za huku nyingi ni kubwa. Lakini nisikilize, maana yeye ndiye namtaka kuliko kreni yoyote. Huku kuna watu wana mashua za mbao za babu zao na hawana wa kuzigusa. Ziwani mbao inaoza tu, basi. Baharini kuna wale wanaotoboa, watu wanawaita minyoo kumbe ni jamaa wa chaza, wanaingia kwa tundu la sindano wakiwa wadogo na kunenepea humo humo. Ukigonga ubao kwa nje unasikia mzima. Ukiupasua unakuta vichochoro. Vijana wangu wakiona mbao wanataka kuifunika kwa faiba, na hapo ndipo unyevu unafungiwa ndani na mashua inakufa na koti lake. Hakuna hata mmoja anayejua kukalafati, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba. Pamba wanaisukuma kwa bisibisi, sahibu. Kwa bisibisi! Fundi akiona atalia, halafu atabaki kwa hasira ya kuwafundisha, ndilo tegemeo langu.

Kwa hiyo rai yangu kuhusu mnunuzi ni hii: tusiuze sasa. Tumkodishe. Kama anataka yadi kweli, achukue kwa kukodi miaka kadhaa na awe wa kwanza kuuziwa tukiamua. Ile biashara ya kulaza mashua vuli ibaki yetu kwenye kona ya kaskazini, wewe uisimamie, tugawane, na ile hela ya kabla ya theluji ndiyo inunue vifaa vya huku. Mpaka nipate mkataba wa maana huku, wa miaka mitano au zaidi, ile ardhi ndiyo mgongo wetu. Akikataa kukodi... hapo ndipo sijui. Anayoitaja si hela ya kuchezea, nawe una ada za watoto, na hisa yako ni yako. Siwezi kukufunga kamba kwa ajili ya hofu zangu. Ukisema tuuze, tutauza, na sitakununia. Au nitakununia kidogo.

Sasa nijibu, na usinijibu “tutaona” yako ile. Vitabu vya miaka ya mwisho unavyo? Kulaza mashua kulikuwa sehemu gani ya mapato, nusu au mimi naota? Wateja wangapi unadhani watatuachia mashua vuli hii wakijua mimi sipo? Yule daktari mwenye mashua ya bluu kalipa? Mnunuzi anataka yadi kwa ajili ya mashua au anataka kiwanja cha nyumba? Hilo mchunguze kwa upole, muulize kama ataibakiza kreni, ukiona hajali kreni utakuwa umeshajua. Fundi anasemaje akitajiwa jina langu, bado ana hasira? Magoti yake yatakubali kupiga chini ya mashua, au nimtayarishie kazi ya kukaa na kuamrisha? Shemeji anakuonaje ukibaki na yadi peke yako? Na ufunguo wa trela yuko nao nani, maana Kibwana anasema wewe, na wewe mara ya mwisho ulisema Kibwana?

Magnesi zilizobaki kule usiruhusu zisafirishwe. Ziuze hapo hapo.

Wako,
Fundi mdogo