Shoga yangu, usiwakimbie

Mwalimu wangu, za huko ulikojificha?

Ile meseji na mimi imenifikia. Jumanne usiku nafunga duka naona namba ngeni imenitumia picha ya kitambulisho chako na maneno eti mwambie ndugu yako tapeli alipe hela za watu, nikashtuka nikajua umeibiwa simu, kumbe wametuma kwa kila mtu uliyemsevu mpaka mwalimu mkuu wako. Nimekupigia mara tano hupokei. Ndo nimeamua kuandika hivi kirefu, utasoma ukitulia, ila soma yote.

Kwanza ujue mimi siongei kama mtu ambaye hajawahi kudai. Unamkumbuka yule fundi cherehani niliyempa vitenge kwa mali kauli, milioni moja na laki nane, akaniambia mwisho wa mwezi? Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, simu hapokei. Nikaenda polisi nimevimba kabisa nataka akamatwe leo leo, askari wa zamu akaniangalia akasema mama hili la madai, nenda mahakamani, sisi hatukusanyi madeni. Nililia njiani. Nikafungua kesi, nikashinda, nikadhani ndo basi nimepata hela yangu. Wapi. Kukazia hukumu, yani kumfanya aliyeshindwa alipe kweli, ni safari nyingine kabisa.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu, dalali wa mahakama abebe vyerehani vyote viwili na ile nyumba yake ya vyumba vitatu iuzwe. Nikaambiwa vyerehani ni vifaa vya kazi yake, haviguswi. Nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko navyo haviguswi. Nyumba anayokaa na mke na watoto nayo hivyo hivyo, maana hakuiweka rehani kwangu. Nikasema basi afungwe! Nikaelezwa kufungwa kwa madai kupo, haizidi miezi 6, lakini hela ya kumlisha huko ndani natoa mimi niliyemshtaki, na akitoka deni langu bado liko pale pale. Yani nilishe mtu aliyekula vitenge vyangu. Tukakubaliana alipe laki mbili kila mwezi, na analipa, anasuasua ila analipa.

Sasa nageukia kwako. Siku ile niliiona sheria inambeba mdaiwa, saivi wewe ndo mdaiwa naona alaa, kumbe ilikuwa na maana.

Hao wa aplikesheni ya mikopo ya simu, waliotuma ile meseji, wasikutishe na neno jela. Kukopa ukashindwa kulipa sio jinai, labda uwe ulidanganya tangu mwanzo, na wewe ulikopa kwa jina lako halisi. Na kumtangaza mtu kwa namba alizonazo kwenye simu hairuhusiwi, Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022 na tume yake ipo, malalamiko yanapelekwa huko. Tena Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia aplikesheni 69 za mikopo kwa kutofuata taratibu, kwahiyo angalia kama yako imo. Usifute hizo meseji hata kama zinakuuma, piga skrinshoti zote na namba zionekane, na mimi yangu nimeitunza.

Hao kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa wa pale sokoni, ndo wananiumiza kichwa. Dada yako kaniambia ulichukua laki tatu, umerejesha laki nne na nusu, na bado wanadai laki mbili na faini juu. Shoga, hiyo hesabu ya wapi? Benki Kuu imewawekea hao wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Waombe leseni uione kwa macho, na kama hawana basi wao ndo wana la kujibu, maana kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa kwa sheria ya 2018. Nasikia walikuja saa mbili usiku wakabeba tivii na jiko la gesi. Hebu tafuta mkataba usome uliandika nini kwenye dhamana. Ulivyoviandika ni habari nyingine, wana haki navyo ila notisi lazima wakupe kabla ya kuuza. Usivyoviandika hawagusi bila amri ya mahakama, hata waje na gari na mabaunsa. Wakija tena mwite mwenyekiti wa mtaa asimame hapo, waulize karatasi ya mahakama iko wapi, na usisaini chochote usiku huo.

Halafu nimesikia umewaachia kadi ya benki na namba ya siri. Mwalimu mzima! Mshahara ukiingia wanachota wao kwanza, we unabaki na nauli. Nenda benki ufunge hiyo kadi uombe nyingine, hakuna sheria inayompa mkopeshaji haki ya kukaa na kadi yako. Deni litabaki, sawa, ila utalipa kwa mkono wako.

Na hapa utanisamehe. Kulipa utalipa. Nimekaa upande wa kudai najua linavyouma, mtu anazima simu wewe mtaji umekatika. Ukikimbia unamwachia mzigo dada yako aliyekudhamini, maana mdhamini anadaiwa sawa na mkopaji, wana uwezo wa kumfuata yeye wakakuacha wewe. Ameniambia usingizi hapati. Kwahiyo waandikie, sio kupiga simu, andika: nilichukua kiasi hiki, nimelipa hiki, naomba mchanganuo wa riba na faini, na kinachobaki kihalali nitalipa kiasi fulani kwa mwezi. Baki na nakala. Wakikataa waende mahakamani wenyewe, na huko usikose kutokea, ukikosa wanapewa ushindi wa bure.

Hapa Morogoro kuna wasaidizi wa kisheria hawatozi hela, nimeongea na mmoja kasema uje Ijumaa saa nne na mkataba pamoja na miamala yote ya simu. Lala kwangu Alhamisi, watoto watakupisha chumba. Nauli nimeshatuma kwa namba ya dada yako, na hiyo usiihesabu kama deni.

Washa simu basi.

Mimi wako wa vitenge