Barua kwa mwanangu Koku, aliyechoka kuomba

Kamachumu, Jumapili jioni

Mwanangu Koku,

Tangu uliponipigia Jumatano, maneno yako hayajanitoka: "Mama, nimechoka kuomba." Ukanyamaza, nadhani ulisubiri nikugombeze. Salio likakata. Nashukuru lilikata, maana sikuwa na jibu.

Sikukasirika, mwanangu. Daudi alimwuliza Mungu, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na watu wakaligeuza swali hilo kuwa zaburi ya kuimba ibadani. Mimi anayenitia wasiwasi ni yule ambaye kila ukimuuliza hali anajibu "Bwana asifiwe" huku macho yamevimba.

Ila ile shilingi 150,000 uliyoambiwa kanisani "upande kama mbegu" ili ajira ya kudumu itoke, hiyo iliniuma. Hela imekwenda, tusiirudie. Ninachotaka uone ni kwamba pale walikufundisha kumwomba Mungu kama mtu anayenunua luku ya umeme. Unaingiza namba, taa inawaka. Isipowaka, unadhani umekosea namba, unaingiza tena, unafunga siku tatu, unafunga saba. Miaka mitatu ya mkataba wa muda na maombi ya namna hiyo, nani asingechoka?

Ngoja nikukumbushe kibanja chetu. Migomba ile aliipanda babu yako kabla mimi sijaolewa hapa, na mpaka leo tunakula ndizi zake. Watu wa mjini wakija wanasifu mvua ya Kagera. Mvua inanyesha hata rweya, kule mbugani nje ya vibanja, mbona kule ni nyasi tupu? Kibanja kinaishi kwa samadi ya ng'ombe wawili, kwa nyasi tunazokata rweya na kuzitandaza kwenye mashina, kwa majani makavu yanayoondolewa na machipukizi yanayopunguzwa. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna jirani atakayekuja kukupongeza eti leo umetandaza nyasi. Na ukiacha mwezi mmoja, huoni tofauti. Ukiacha miaka miwili, mikungu inakuwa kama ngumi ya mtoto.

Mimi imani yangu imekaa hivyo. Sala fupi asubuhi kabla ya kuwasha moto, nyingine nikiwa nimesinzia nusu. Sura moja ya Biblia, hata ikiwa ni ile ya majina ya vizazi. Ibada Jumapili. Siku nyingi sisikii chochote moyoni, na nilishaacha kujipima kwa kusikia. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huleta tumaini. Zamani nilidhani tumaini ndilo linatangulia. Kumbe lipo mwishoni mwa mstari.

Halafu kuna mambo ambayo matunzo hayazuii. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulipoingia Kagera mwaka 2006, wengi walidhani utawapata wavivu tu. Ulipofika kwetu ulikuta shamba safi. Majani yakawa ya njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukikata shina unaona uchafu wa njano unatoka kama usaha. Tukang'oa mashina yote yaliyougua, tukaiacha ardhi ile miezi bila mgomba. Bwana shamba akatufundisha kwamba ugonjwa ulikuwa unatembea kwa panga zetu wenyewe, panga uliyokatia mgomba mgonjwa ndiyo unaipeleka kwa mzima. Tuiunguze kwenye moto kwanza. Na ua dume tulivunje kwa kijiti chenye panda, tusilikate kwa kisu. Nilijiuliza siku ile ni mara ngapi nimemkata mtu kwa neno nililolitoa kwenye kidonda changu. Ukiwa umechoka, Koku, angalia panga yako. Wenzako wa zamu wasije wakaumia kwa uchovu wako.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Baba yako alipofariki, nilikaa kanisani miezi saba bila kuimba hata ubeti mmoja. Ulikuwa darasa la tano, uliniona nimekaa pale ukadhani mama yuko sawa. Nilikuwa naenda kwa sababu miguu imezoea njia. Mama mmoja wa ushirika wetu, kila Jumapili, alikuja kukaa karibu nami, akafungua kitabu cha nyimbo, akakishika mbele yetu wote wawili, akaimba. Hakuniuliza kwa nini siimbi. Miezi saba.

Baadaye nikasoma Marko sura ya pili, yule mwenye kupooza aliyeshushwa darini na watu wanne. Imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao." Yao. Ya mgonjwa haikutajwa.

Bibi yako mzaa mama aliokoka katika uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika kwetu Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Walokole wale walikuwa na ukali wao, sitakudanganya. Walimsema mtu hadharani mpaka kwa kitambaa alichovaa. Lakini walijua kitu kimoja: hawakumwacha mtu abaki na mzigo wake chumbani. Walikutana kila wiki, wakaambiana wazi nimekosa hapa, nimechoka hapa, wakaita kutembea nuruni. Wewe Dodoma una kanisa la watu maelfu na hakuna hata mmoja anayejua unakaa mtaa gani. Tafuta jumuiya ya nyumba kumi, hata kama wanaimba vibaya.

Na ulale. Eliya alipoketi chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Wewe unatoka zamu ya usiku unaunganisha na mkesha, halafu unashangaa kwa nini roho imekauka.

Neno moja zaidi, lisije likaeleweka vibaya: sikuambii uvumilie kila kitu. Kama huyo msimamizi wako anakusumbua kwa namna ile uliyonidokezea, mshitaki. Hiyo si saburi ya Wakristo, ni woga, na mimi nitakuja mwenyewe kwa basi kukusindikiza.

Kwa sasa, kama huwezi kuomba, usiombe maneno marefu. Baba Yetu inatosha. Hata hiyo ikikushinda, nimezungumza na yule mama wa kitabu. Sasa macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo siku hizi mimi ndiye ninayemshikia na kumsomea. Tumekuweka kwenye maombi ya Alhamisi, ila sababu yenyewe sijawaambia.

Barua hii inakuja na senene, nimezikaanga jana na chumvi kidogo kama unavyopenda, na kilo mbili za kahawa. Dereva atakupigia akifika. Mpe elfu tano, usimpe kumi, tumeshakubaliana. Ufa wa ukutani uliobaki toka tetemeko la 2016 nimeuziba wiki iliyopita, kwa hiyo chumba chako hakiingizi upepo tena. Niambie mapema kama unakuja Krismasi, nijue mkungu upi niuache.

Mama yako