Risala ya Klabu ya Utawala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanachuo wenzetu, karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu imesoma nadharia za taasisi, na somo lililotukaa zaidi lilitoka chini ya ardhi, kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Zamani wachimbaji wawili watatu, waliochaguana wenyewe, walimega makaa, wakapakia na kuegemeza dari kwa magogo. Kazi yote ilikuwa mikononi mwao. Zikaja mashine na mkanda wa kusafirishia. Kazi ikakatwa vipande: watu wapatao 40, zamu tatu. Zamu ya kwanza ikilegea, taabu iliwaangukia wapakiaji wa mwisho, na kila zamu ikailaumu mwenzake. Utoro ukazidi. Mwaka 1951 Eric Trist wa Taasisi ya Tavistock, London, na Ken Bamforth, aliyewahi kuchimba makaa yeye mwenyewe, walionyesha kwamba mitambo na mahusiano ya watu ni mfumo mmoja: ukigusa hiki, na kile kinatikisika.

Mwaka mmoja kabla, mwanabiolojia Ludwig von Bertalanffy alikuwa ameeleza kiumbe hai kama mfumo wazi, unaopokea vitu kutoka mazingira yake na kuvitoa. Mwaka 1966 wanasaikolojia Daniel Katz na Robert Kahn wakaitazama taasisi kwa jicho hilohilo. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyeshika saa kupima muda wa kila kipande cha kazi, hatumdharau. Ila saa yake haikupima kilichopotea kati ya zamu na zamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nasi tuna mgodi wetu. Kompyuta 20 zimefunikwa vitambaa hapo chumba cha pili. Ratiba ilipangwa kabla hazijaletwa, hivyo kipindi chetu kimeangukia saa ya chakula, na mwenye ufunguo saa hiyo yuko darasani anafundisha. Hatuombi kompyuta ya 21. Tunaomba utusemee ratiba ipangwe upya, na siku ya kuipanga, mwanachuo mmoja na mshika ufunguo wawepo mezani.

Mfuko ukiruhusu, tunaomba na viti sita. Risala isiyoomba viti, Mheshimiwa, haijawahi kusomwa chuoni hapa.

Tunaomba kuwasilisha.