RISALA YA VIJANA WA MAKORORA KWA MGENI RASMI, BONANZA LA KUMKUMBUKA BABU

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, mama zetu na nyie wote mliokuja, asalam aleikum na habari za jioni. Mimi ndo katibu wa kikundi, na huyu tunayemkumbuka leo ni babu yangu mzaa mama.

Mgeni rasmi, babu alikuwa mgambo tu, dereva wa lori. Amin alipoingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, Mwalimu akasema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, babu akaitwa akaenda, akamwacha bibi na mtoto wa miezi 4 ambaye ndo mama yangu, huyo hapo mbele.

Barua zilikuja 2. Ya pili inasema wanaelekea Masaka, kule Uganda, basi, kimya. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, mtaa mzima shangwe, wenzake wakarudi, mmoja akaja mpaka nyumbani akasema mara ya mwisho walionana Lukaya, ule usiku wa Machi makombora yanashuka na barabara ina vinamasi huku na huku, giza, watu wakatawanyika, kulipokucha wanahesabiana babu hayupo. Mwili haukuonekana, hata kofia.

Bibi hakukaa eda. Angekaaje eda ya mtu ambaye hajaambiwa kafa? Shabani tukisoma hitima ya wazee wetu alikuwa anakataa jina la babu lisitajwe pamoja na ya marehemu, anasema muombeeni kivyake, na mlango wa uani hakuutia komeo mpaka usiku mkubwa, miaka 40 na kitu. Bibi katangulia mwaka jana bila kuambiwa neno kamili na mtu yeyote.

Hapa hapa Tanga askari wa Kihindi waliokuja na Mwingereza kupigana na Mjerumani Novemba 1914 wana makaburi yao na majina yamechongwa, na ni haki yao kabisa. Kule Kaboya, Muleba, wamelala mashujaa wa Kagera, mimi na mjomba tulifunga safari tukasoma jina moja moja hadi jua linazama, la babu hatukuliona.

Ombi letu ni moja mheshimiwa, utufikishie kwa wahusika kumbukumbu zake zitafutwe, aandikwe hata kama itaandikwa hakuonekana, na 25 Julai, Siku ya Mashujaa, atajwe hapa kwao. Namba yake ya jeshi na ile barua ya pili tumeambatanisha. Barua ni kopi, yenyewe mama hataki itoke nyumbani.

Naomba kuwasilisha.