Baba ananiita mzee mwenzake

Shikamoo Shangazi,

Najua barua nyingi unazopata ni za ndoa na mapenzi. Yangu si ya huko. Mimi ni mmisionari wa kanisa la Wamormoni. Ni saa tisa usiku, umeme umekatika hapa Mbagala, feni imesimama, mwenzangu wa misheni anakoroma. Nimekaa sakafuni karibu na mlango wa bafu naandika kwa mwanga wa simu. Saa nne na nusu tunatakiwa tuwe tumelala na kuamka ni saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo hata kukuandikia saa hizi ni kosa. Sijui kwa nini nimeanza na hilo.

Leo ni Jumatatu, siku yetu ya maandalizi. Tunafua, tunanyoa, tunaenda sokoni, kisha tunapiga simu nyumbani. Wamisionari wa zamani walikuwa wanapiga mara mbili tu kwa mwaka, sisi tangu 2019 tumeruhusiwa kila wiki. Wote wanasema ni baraka. Mimi wiki hii nimeitamani ile sheria ya zamani.

Jumatatu iliyopita mama alipokea kama kawaida, akaniuliza kama nimekula, akageuza simu nimwone baba. Alikuwa anapukuchua mahindi. Mwenzangu ni kijana wa Utah, ana miaka 19, Kiswahili chake cha miezi michache anakipenda kuliko chakula. Akaingiza uso kwenye simu akasema kwa furaha, "Mzee" na jina letu la ukoo, "anafanya kazi nzuri sana!" Baba akatabasamu. Alidhani anasifiwa yeye! Kijijini kwetu nje ya Kitale mzee mwenye jina hilo ni mmoja tu, tena ni mzee wa kanisa lake miaka 20 sasa. Halafu akaelewa. Akasogea, akaitazama beji iliyo kifuani pangu, akasema: "Mzee mwenzangu, karo ya ndugu yako utalipa lini?" Akarudia mahindi yake.

Hakupaza sauti. Angenifokea ningelala.

Shangazi, hilo jina la Mzee sikujipa. Wavulana wote tukiwa misheni tunaitwa hivyo, ni cheo cha ukuhani, hakihusiani na umri. Mimi nina miaka 20 na najua vizuri sana kwamba si mzee. Watoto wa mtaa huu wanatufuata wakiimba "wazee, wazee" na tunacheka nao. Na sikulazimishwa na mtu kuja. Miezi 24 nilijitolea mwenyewe, nimemaliza 14. Ni kweli kabla sijaja nilikuwa nauza dukani, misumari na mabati, na nusu ya karo ya mdogo wangu nilikuwa nalipa mimi. Sikatai. Lakini nilimwachia baba akiba yangu yote nikiondoka. Hela ninayopewa hapa kwa mwezi ni ya mchele, maharage na daladala, na si yangu ya kutuma. Baba anafikiri tai ni mshahara.

Mama anasema mtoto yuko shuleni. Jumatatu ile nilimwona mdogo wangu akipita nyuma ya baba na kandambili na jembe. Yuko kidato cha tatu.

Jumanne na Jumatano sikumbuki tulifanya nini. Tulitembea. Watu watatu walituahidi, hatukumkuta hata mmoja. Tuliendesha darasa la Kiingereza, watu wakacheka Kiswahili changu cha Kenya kama kawaida yao. Kila mlango uliofunguliwa, mwenzangu akinitambulisha kwa jina lile, mimi nasikia karo.

Alhamisi tulienda kwa muumini mmoja mpya. Mwenzangu alikuwa uani akimsaidia kubeba ndoo za maji, ananisikia ila hanioni, na hilo nalo halitakiwi. Mama mkwe wa yule muumini, bibi mtu mzima, akaniletea chai ya rangi yenye tangawizi. Hajui mambo yetu. Akasema, "Kunywa baba yangu, umekauka." Shangazi, chai kwetu imekatazwa kama kahawa na pombe. Nimewakatalia watu wengi kwa adabu, najua namna ya kusema. Siku ile nikanywa. Nikamaliza mpaka tangawizi ya chini.

Hilo sijamwambia mwenzangu wala rais wa misheni, mkuu wetu hapa. Jumamosi tulibatiza, mimi nimevaa nyeupe kama wengine. Jana kanisani nikapokea mkate wa sakramenti, na kile kikombe kidogo cha maji mkono ukatetemeka nacho.

Lakini sikukuandikia kwa sababu ya dhambi, hiyo najua pa kuipeleka. Ni kwamba siku ninaondoka nyumbani baba alichemsha chai mwenyewe. Baba ambaye jikoni haingii. Alijua kwamba sinywi tangu nibatizwe, na ndiyo maana aliichemsha. Akaiweka kwenye kile kigoda mbele yangu, akakaa, hakusema kitu. Nikasema, "Baba, unajua situmii." Maziwa yakafanya utandu juu mpaka gari likaja. Nilikuwa sahihi, hata leo nasema nilikuwa sahihi. Ila ya baba nilikataa na ya bibi nisiyemjua hata jina nikanywa.

Sasa sitaki kurudi nyumbani kabla ya muda. Hilo liko wazi. Wanaorudi mapema wanatazamwa vibaya, na mimi kazi hii naipenda, Kitabu cha Mormoni nakiamini. Ila ukiniambia nirudi nikauze misumari nitamwambia rais leo hii hii, begi langu ni moja. Au niombe ruhusa nifanye kibarua? Haiwezekani, najiuliza tu.

Mama husoma majibu yako kila wiki, ndiyo nimekujua. Jibu halitanikuta kabla ya simu ya leo, naelewa, lakini Jumatatu zimebaki nyingi. Nikuulize tu: nimwambie baba kwamba nilikunywa? Si askofu, si rais. Baba. Naogopa atacheka. Naogopa zaidi atasema, "Basi ya kwangu ilikuwa na nini?"

Saa nane mchana mama ataigeuza simu kama kawaida.

Mwenzangu amejigeuza kitandani, niishie hapa. Ukiichapisha usiandike Mzee. Andika kijana wa Kitale.