Malalamiko kuhusu diski mpya inayodai imejaa ilhali ina nafasi, na mafaili yangu yaliyofutwa na fundi wenu

Morogoro
14 Mei 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: DISKI YA NJE YA TB 2 NILIYONUNUA DUKANI KWENU TAREHE 5 APRILI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga video wa sherehe hapa Morogoro. Nilinunua kwenu diski ya nje ya TB 2, nikapewa risiti ya EFD, ambayo nakala yake nimeiambatanisha. Nianze kwa kusema nisicholalamikia. Silalamiki kwamba diski ya TB 2 inasomeka 1.81 kwenye kompyuta. Naelewa kwamba mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Wala sisemi kwamba mmeniuzia feki. Niliipima kwa programu ya H2testw, ambayo hujaza diski yote kisha huisoma upya kipande kwa kipande. Kazi hiyo ilichukua usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata, na haikukutwa kasoro yoyote. Diski yenu ni nzima. Malalamiko yangu ni namna mlivyoiandaa kabla ya kuniuzia, na namna mlivyonihudumia baada ya hapo.

Siku za mwanzo nilihamishia humo kadi tano za kamera, kama GB 140, bila tatizo. Kisha nikataka kupakua kutoka intaneti video ya kamera ya pili ya sendoff moja, aliyonirushia mwenzangu aliyeko Mwanza: faili moja la GB 11.6. Upakuaji ulienda vizuri hadi kwenye GB 4 hivi, ukakatika, na ujumbe ukatokea kwamba diski haina nafasi ya kutosha. Nikaangalia nafasi iliyobaki: zaidi ya TB 1.6. Nikarudia, ikakatika palepale. Mara ya tatu, palepale tena.

Nilipowapigia simu, dada aliyepokea aliniambia tatizo ni mtandao wangu. Nilipomweleza kwamba mtandao mbaya haukatiki mahali pamoja mara tatu, akasema basi ni C, diski ya ndani ya kompyuta yangu, ndiyo imejaa. Jibu hilo sikulidharau, kwa sababu ni kweli baadhi ya programu huweka faili la muda kwenye C kwanza ndipo zilihamishie unakotaka. Nikasafisha C hadi ikabaki na GB 58 wazi, nikaelekeza upakuaji moja kwa moja kwenye diski yenu, nikaanza mara ya nne. GB 4, ikakatika. Nilipopiga tena niliambiwa niilete dukani.

Jumamosi ya tarehe 12 Aprili nilipanda treni kuja Dar es Salaam, nauli shilingi 26,000 kwenda na kurudi. Fundi wenu aliichomeka kwenye kompyuta ya duka, akasema inahitaji "kusafishwa kidogo". Nilimuuliza kwa maneno haya haya: "Mdogo wangu, mafaili yangu yatabaki?" Akanijibu: "Yatabaki, kaka, usijali." Haikufika dakika kumi akanakili nyimbo kadhaa mbele yangu, akaniambia imepona. Duka lilikuwa limejaa watu, nikaichukua nikaondoka. Nilipoifungua nyumbani usiku ule, kilichokuwemo ni folda ya nyimbo tu.

Nilipojaribu kupakua faili lile kwa mara ya tano, likakatika kwenye GB 4 kama kawaida.

Kadi za kamera nilikuwa nimeshazitumia kwa kazi nyingine. Ndiyo, nilipaswa kuwa na nakala mbili, na hilo nimeliambia familia niliyoifanyia kazi bila kujificha. Lakini niliuliza, nikajibiwa, na nikamwamini aliyejibu kwa sababu alikuwa ndani ya duka lenu, nyuma ya kaunta yenu. Nilijaribu programu ya kuokoa mafaili. Picha nyingi zilirudi. Video nyingi hazifunguki. Miongoni mwake ni nasaha za mama mzazi wa bibi harusi, dakika kumi na mbili, ambazo binti alikuwa ameniomba nizitoe peke yake apate kuzitunza. Nilikwenda nyumbani kwao kusema kwamba hazipo. Mama alinikaribisha chai na hakunigombeza, na hilo lilinikaa moyoni kuliko kama angenigombeza.

Aliyenionyesha tatizo ni kijana jirani yangu anayetengeneza kompyuta. Hakuhitaji kifaa chochote. Alibofya diski kwa kitufe cha kulia cha mausi, akafungua ukurasa wa sifa zake, akaniwekea kidole juu ya neno moja: FAT32.

Huo ndio mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili, mliouweka kwenye diski kabla ya kuiuza. Ulitoka mwaka 1996, wakati wa Windows 95. Ukubwa wa kila faili ndani yake huandikwa kwa biti 32 tu, kwa hiyo faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani kama GB 4, hata kama diski nzima ni tupu. Upakuaji ukigonga kikomo hicho, Windows huijibu programu kwamba diski imejaa, na programu nayo inamwambia mtumiaji hivyo hivyo. Kumbe hata video za kamera yangu ziliingia kwa sababu kadi zangu za GB 32 nazo ni FAT32, na kamera hukata video ndefu vipande vya GB 4 ili zitoshe. Nyimbo alizonakili fundi wenu hazifiki hata MB 10 kila moja. Kipimo kile kisingeweza kuonyesha tatizo hata angenakili nyimbo elfu.

Wala msiniambie ni mimi niliyeifomati hivyo, yaani niliyeifuta na kuiwekea mfumo huo. Dirisha la kufomati la Windows 10 halitoi FAT32 kwa diski iliyozidi GB 32. Aliyeiweka kwenye diski ya TB 2 alitumia programu nyingine, na fundi wenu aliirudisha FAT32 ile ile baada ya kufuta vyangu.

Najua kwa nini wauzaji wanaipenda FAT32. Inasomeka kwenye televisheni za zamani, redio za magari, ving'amuzi, na kompyuta za aina zote. Kwa flashi ya kuwekea nyimbo sina neno. Lakini mtu hanunui TB 2 aweke nyimbo. Tangu mwaka 2006 ipo exFAT, ambayo haina kikomo hicho cha GB 4 na inasomeka kwenye Windows na Mac. Na kwa diski ambayo tayari ina mafaili, Windows ina amri ya convert inayogeuza FAT32 kuwa NTFS, mfumo mwingine usio na kikomo hicho, bila kufuta kitu. Kijana jirani aliandika mstari mmoja, convert E: /fs:ntfs, na folda ya nyimbo za fundi wenu bado ipo pale pale. Baada ya hapo faili la GB 11.6 lilishuka lote mara moja.

Mstari huo mmoja ungetosha tarehe 12 Aprili. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama bahati mbaya.

Naomba mnirejeshee nauli, shilingi 26,000, na gharama ya bando la GB 20 lililoteketea katika majaribio matano, shilingi 38,000. Vielelezo vya vyote viwili viko pamoja na barua hii. Fedha si kubwa. Kubwa zaidi ni maandishi yenye muhuri wenu yanayokiri kwamba mafaili yalifutwa dukani kwenu na fundi wenu, ili niyapeleke kwa familia ile. Nimewaambia ukweli, lakini mpaka sasa ni neno langu tu.

Naomba pia diski zote zilizobaki ghalani zifomatiwe exFAT kabla hazijauzwa, na ndani ya boksi muweke karatasi ya Kiswahili inayomweleza mnunuzi ni mfumo gani umewekwa na ujumbe wa "hakuna nafasi" unaweza kumaanisha nini. Wanaopokea simu wafundishwe kuuliza kwanza: faili lina ukubwa gani, na limekatikia wapi? Mteja akisema GB 4, jibu limeshapatikana, hakuna haja ya kumpandisha treni. Na fundi asifomati diski ya mteja yeyote kabla mteja hajaweka saini kwamba ameelewa vitu vyake vitafutika.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata nitapeleka nakala, pamoja na viambatanisho vyote, Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kumlinda mlaji.

Mteja wenu,
mwenye risiti iliyoambatanishwa.